Mzuka Uliotaja Jina

Kanuni ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeielewa. Kugonga mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Ikisikika sauti ya kukwaruza, kama paka anayenoa kucha kwenye mkeka, basi mzuka umekasirika na swali libadilishwe. Kwa kanuni hiyo, Januari 1762, kwenye chumba cha ghorofani katika kichochoro kiitwacho Cock Lane, London, mwanamke aliyekuwa amekufa karibu miaka miwili aliulizwa kama kifo chake kilikuwa cha kawaida. Ikagongwa mara mbili. Ni sumu? Mara moja. Kuna mtu mwingine aliyempa sumu hiyo zaidi ya Bwana Kent? Mara mbili.

Bwana Kent alikuwa humohumo chumbani. Alipaza sauti akasema huo ni mzuka mwongo. Lilikuwa limeulizwa swali kama Kent atanyongwa. Ikagongwa mara moja.

Mada yangu ya shahada ya uzamili haihusu mizuka hata kidogo. Inahusu bandari na wapagazi, na nilikuwa nikitafuta kitu kingine kabisa nilipokutana na Cock Lane kwenye kitabu cha historia ya London. Ningeifunga kurasa nikaendelea na kazi. Kilichonizuia ni pale mzuka ulipotaja jina, kwa sababu nilishawahi kuwepo mahali ambapo jina lilitajwa namna hiyo.

Ilikuwa Tanga, nikiwa na miaka tisa. Nyumba ya jirani ilikuwa na vyumba sita na ukumbi katikati, kila chumba na mpangaji wake. Binti wa chumba cha mbele alianza kupiga kelele usiku. Wakamwita fundi, ukafukizwa ubani, na pepo alipopanda kichwani akaulizwa kama wanavyoulizwa wote: wewe nani, umetoka wapi, nani kakutuma. Sisi watoto tulikuwa tumejibanza dirishani. Pepo alimtaja mama mmoja wa chumba cha uani. Nilikuwa wa kwanza kukimbia kwenda kulisema jina lile kwenye baraza letu, na nilisifiwa kwa kusikia vizuri. Wiki haikuisha, yule mama akapakia godoro na masufuria yake kwenye mkokoteni akaondoka.

Kwa hiyo niliposoma kwamba watu wa London walibishana kwa miezi kama mzuka wa Cock Lane ni wa kweli au wa uongo, swali langu la kwanza halikuwa hilo. Nilitaka kujua Bwana Kent alikuwa amemkosea nani.

William Kent alitoka Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mkopeshaji. Alioa binti wa familia ya Lynes, akawa na nyumba ya wageni, na mkewe akafa kwa uzazi. Mtoto naye hakudumu. Mdogo wa marehemu, Frances, ambaye wote walimwita Fanny, alikuwa amekuja kusaidia, akabaki, na yeye na Kent wakapendana. Msomaji wa Pwani ataona hapo hakuna kesi: mke akifa, kumwoa mdogo wake si mwiko, na wapo watakaosema ndiye hasa anayefaa. Sheria ya kanisa la Uingereza ilisema vingine. Shemeji alihesabiwa kama dada, na ndoa ikakatazwa. Wakahamia London, mahali pa watu wengi wasiojuana, wakaishi kama mume na mke. Kila mmoja akaandika wosia wa kumrithisha mwenzake.

Tatizo la kuishi kwa siri ni kwamba unategemea midomo ya wenye nyumba. Nyumba moja walifukuzwa kwa maneno baada ya siri kujulikana, huku mwenye nyumba huyo akiwa na deni la Kent la pauni 20. Kent hakunyamaza, alimfanya akamatwe. Ndipo mwaka 1759, kwenye ibada ya alfajiri katika kanisa la St Sepulchre, wakakutana na karani wa kanisa, Richard Parsons. Parsons alikuwa na nyumba Cock Lane, hatua chache kutoka kanisani, mke, watoto wa kike wawili, mapenzi na pombe na upungufu wa fedha. Akawapa chumba. Muda si mrefu Kent alimkopesha mwenye nyumba wake gini 12, zirudishwe gini moja kila mwezi. Pia akamweleza siri, kwamba Fanny si mkewe wa ndoa.

Ukikaa ukaipanga habari hii kwa tarehe, unaona deni lilitangulia na mzuka ukafuata. Parsons hakulipa, na Kent akampeleka kwa mwanasheria. Miaka mingi baada ya tukio la Tanga nilimuuliza bibi yangu kama yule mama wa uani alikuwa na ugomvi na watu wa chumba cha mbele. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Walikuwa wanacheza upatu pamoja. Zamu yake ilifika, hawakumpa." Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Watu wazima walilijua wakati ule wote, nasi watoto tuliachiwa pepo.

Lakini haitakuwa haki kusema Parsons alibuni kila kitu kwa sababu ya gini 12, kwani mambo yalianza Fanny akiwa hai. Kent alisafiri kwenda harusini shamba, na Fanny, akiwa na mimba, hakutaka kulala peke yake. Akalala na Elizabeth, binti mkubwa wa Parsons, aliyekuwa na miaka kama 11. Usiku wakasikia kugongagonga na kukwaruza. Mama wa nyumba akasema ni fundi viatu wa jirani, anakesha na kazi. Jumapili usiku, siku ambayo fundi yule hafanyi kazi, sauti zikarudi. Mwenye kilabu cha jirani alipanda ngazi za nyumba hiyo akashuka mbio, akisema ameona umbo jeupe. Fanny mwenyewe alikuwa na tafsiri yake: huyo ni dada yangu marehemu, amekuja kunionya kuwa nitakufa. Yaani mzuka wa kwanza wa Cock Lane haukuwa Fanny. Fanny ndiye aliyeuogopa.

Wakahama kwenda Clerkenwell, si mbali. Januari 1760 Fanny akaugua, daktari akaona ni ndui, na tarehe 2 Februari akafa. Akazikwa kwenye handaki la makaburi chini ya kanisa la St John. Kent hakuweka kibao cha jina kwenye jeneza, kwa kuwa kuandika "Kent" ilikuwa uongo ambao ungeweza kumfikisha mahakamani, na kuandika "Lynes" ilikuwa kutangaza siri. Dada yake mwingine Fanny alifika mazishini akakuta jeneza limeshafungwa kwa skrubu, hakumwona ndugu yake. Alilalamika, na ni nani asingelalamika? Kisha wosia ukasomwa, na karibu kila kitu kikaenda kwa Kent. Familia ya Lynes ikaanza kumchukia.

Naiweka hali hiyo mbele yenu kwa sababu wanaoisimulia habari hii kama kichekesho huruka hapa. Mwanamke wa miaka ya ishirini na kitu amekufa ghafla, akiwa na mtu asiye mumewe, kakasimu mali yake kwake, kazikwa bila jina, na ndugu hawakuuona uso. Hata bila mzuka, mtaa wowote duniani ungenong'ona.

Mwanzoni mwa 1762 Elizabeth akaanza kusikika tena na sauti zile kitandani. Safari hii mzuka ulikuwa Fanny. Aliyezisimamia hojaji ni John Moore, mhubiri msaidizi wa St Sepulchre, mtu mwenye mwelekeo wa Wamethodisti, ambao wengi wao waliamini kwamba roho zipo. Gazeti la Public Ledger likaanza kuchapa habari, na Kent alizisoma huko kama msomaji mwingine yeyote. Jaribu kufikiri: unafungua gazeti, unakuta marehemu wako anakushtaki. Alikwenda mwenyewe kwa Moore, akakubali kuingia chumba kile kusikiliza. Nimeshalieleza lililomkuta.

Sumu, mzuka ulisema, ilikuwa arseniki iliyotiwa kwenye bia ya moto yenye majani machungu. Mtumishi wa kike aliyemhudumia Fanny aliitwa kuthibitisha. Alikataa: hakuwahi kuona kitu kama hicho. Meya wa London aliombwa amkamate Kent, naye akakwepa. Huku nje, Cock Lane ilikuwa haipitiki kwa magari ya farasi ya wakubwa. Mwandishi Horace Walpole alikwenda usiku mmoja wa mvua pamoja na Mtawala wa York, ndugu wa mfalme. Walikuta watu wapatao hamsini wamejazana kwenye chumba kidogo chenye mshumaa mmoja, wakakaa hadi saa saba na nusu usiku bila kusikia kitu, wakaambiwa mzuka hautakuja hadi asubuhi. Alichokiona Walpole kwa uhakika ni kwamba vilabu vyote vya jirani vilikuwa vinatajirika.

Mabishano ya wasomi yalikuwa makali, lakini sitayachelewesha. Wamethodisti walisema tazameni, roho zipo. Watu wa kanisa kuu walisema tazameni, Wamethodisti ni wajinga. Mchoraji William Hogarth akatoa picha mwaka huohuo ya kuwadhihaki waumini wapenda mizuka. Kikatoka kijitabu cha kumtetea Kent, kinachodhaniwa kuandikwa na Oliver Goldsmith. Kila upande ulikuwa na vita vyake vya zamani, na mzuka ulikuja kama risasi iliyookotwa njiani.

Sehemu inayonishika ni usiku wa tarehe 1 Februari. Kasisi wa Clerkenwell, Stephen Aldrich, alikuwa ameunda kamati ya uchunguzi. Miongoni mwao alikuwamo Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi, mtu mkubwa wa mwili na wa jina, ambaye maisha yake yote alitamani kupata uthibitisho mmoja tu kwamba roho huishi baada ya kifo. Mzuka ulikuwa umeahidi kugonga jeneza lake mwenyewe kule handakini kama wangekwenda. Basi Elizabeth aliletwa nyumbani kwa Aldrich, akavuliwa, akalazwa na wanawake waliomkagua. Wanaume wakakaa saa nzima, kimya. Wakashuka chini kumhoji baba yake, aliyekana hila yoyote. Wakaitwa juu tena: wanawake wamesikia kukwaruza. Mtoto akasema anauhisi mzuka mgongoni, kama panya. Wakamwamuru atoe mikono nje ya shuka. Baada ya hapo halikusikika tena neno.

Kama saa saba usiku, wakachukua taa wakaenda kanisani. Waliteremka handakini, wakasimama mbele ya jeneza lisilo na jina, na mmoja akauita mzuka kwa heshima utimize ahadi yake. Ulinyamaza. Wakarudi, wakambana mtoto. Hakukiri chochote. Kati ya saa nane na saa tisa usiku mtoto mwenyewe akaomba arudi nyumbani na baba yake.

Johnson aliandika taarifa fupi iliyochapwa: kamati inaona kwamba mtoto ana ufundi fulani wa kutoa sauti ile, wala hakuna nguvu yoyote ya juu inayohusika. Wapo waliomcheka kwa kushuka handakini hata kidogo. Mimi simcheki. Angeweza kuandika hukumu ile kutoka kitini kwake, na wengi walifanya hivyo. Yeye alikwenda kusikiliza, akitamani kusikia kitu, akaandika kwamba hakusikia.

Ila tazama kilichofuata. Elizabeth alihamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine ili achunguzwe. Kwenye mojawapo kitanda chake kilining'inizwa hewani kama machela, mikono na miguu ikanyooshwa na kufungwa. Siku mbili hakukuwa na sauti. Ndipo akaambiwa: sauti zisiposikika tena, wewe, baba yako na mama yako mtakwenda gereza la Newgate. Aliachwa kitandani, na wajakazi wakawekwa wachungulie. Walimwona akichukua kipande kidogo cha ubao, cha kuwekea birika jikoni, akakificha mwilini. Sauti zikasikika. Akakamatwa nacho.

Hapo ndipo vitabu vingi hufunga mjadala: ubao umepatikana, uongo umethibitika. Lakini wapo waliokuwa chumbani asubuhi ile na waliozisikia sauti za Januari, na walisema sauti ya ubao haikufanana na zile za mwanzo. Waumini wakalishikilia hilo: ikiwa alidanganya siku moja kwa kutishwa, haina maana alidanganya siku zote. Kimantiki wana hoja. Mtoto wa miaka kama 12 aliwekwa mahali ambapo sauti zikitoka ni tapeli na zisipotoka wazazi wanafungwa. Alichagua wazazi.

Mimi siamini kwamba Fanny Lynes aligonga ukuta wowote. Naamini mtoto alijifunza usiku mmoja, kwa mchezo au kwa ndoto, kwamba sauti ndogo kitandani huwafanya watu wazima wanyamaze wamsikilize, na baba yake mwenye deni akaona sauti hiyo inaweza kusema nini. Au pengine baba hakupanga hata hivyo. Pengine aliuliza maswali aliyotaka kuuliza, na binti akamjibu alivyojua anataka kujibiwa. Nikimkumbuka yule binti wa Tanga, nadhani hii ya pili ndiyo. Hakuwa mwongo. Alikuwa amesikia jina lile likitajwa kwa uchungu chumbani mwao kila jioni.

Februari ileile ukazuka uvumi kwamba mzuka haukugonga kwa kuwa mwili umeibwa. Kent akalazimika kwenda handakini na mashahidi, jeneza likafunguliwa. Mwili ulikuwemo. Miaka miwili baada ya kumzika mwanamke aliyempenda, au aliyemuua, ukitaka, alisimama akamtazama ili umma uridhike.

Kesi ilisikilizwa Guildhall tarehe 10 Julai 1762 mbele ya Lord Mansfield. Haikuwa kesi ya mizuka wala ya mauaji. Kent aliwashtaki Parsons na mkewe, mtu mmoja aliyejifanya msaidizi wa mzuka, mhubiri Moore na mfanyabiashara mmoja kwa kula njama ya kumpoteza uhai. Daktari na muuza dawa waliomuuguza Fanny walieleza ugonjwa ulivyokwenda: ndui. Wazee wa baraza walikaa kama robo saa, wakarudi na jibu kwamba wote wana hatia. Moore na yule mfanyabiashara walimlipa Kent pauni mia tano na kitu wakasalimika. Mke wa Parsons alipewa mwaka mmoja gerezani, yule msaidizi wa mzuka miezi sita ya kazi ngumu. Parsons alifungwa miaka miwili, na kabla ya hapo asimamishwe mara tatu hadharani kwenye ile nguzo yenye mbao za kubana shingo na mikono, mahali ambapo kwa kawaida umati humpiga mtu kwa matope na mayai mabovu, wengine hata wakafa.

Umati ulikuja. Haukumrushia kitu. Ukamchangia fedha.

Nimekaa na sentensi hiyo kwa siku kadhaa. Mahakama ilikuwa imesema, Johnson alikuwa amesema, ubao ulikuwa umeonekana, na watu wa London bado waliingia mifukoni kumpa karani mlevi senti zao. Ni rahisi kusema walikuwa wajinga. Nadhani waliona pia kwamba mkopeshaji ametoka na mali ya marehemu pamoja na fidia juu yake, na maskini ametoka na pingu. Ukweli kuhusu mzuka walikuwa wameshaupata. Ukweli kuhusu Fanny hawakuamini kwamba wameupata.

Elizabeth hakushtakiwa. Yule binti wa jirani yetu pia aliachwa, akaja kuolewa, na nilipokutana naye miaka miwili iliyopita kwenye msiba alinisalimia vizuri tu. Hakuligusia. Nami sikumuuliza. Kuhusu mama wa uani, nilimuuliza bibi alikwenda wapi. Akasema alisikia Muheza, kisha akasema hapana, huyo ni mwingine.

Mwaka 1845 mchoraji aitwaye J. W. Archer alishuka kwenye handaki la St John akiwa na kijana wa mtunza kanisa aliyemshikia mwanga. Majeneza yalikuwa yamerundikana ovyo. Archer alikaa juu ya mojawapo akichora, na kijana akamwambia hilo ndilo la Fanny wa Cock Lane. Kifuniko kilikuwa kimelegea, wakakisogeza. Aliandika kwamba alimwona mwanamke aliyekuwa na sura nzuri, pua bado imesimama bila kuoza, na usoni hakuona makovu ya ndui. Wanaomshuku Kent huishikilia habari hiyo hadi leo, kwani arseniki ina sifa ya kuuhifadhi mwili. Wanaomtetea wanauliza kijana yule alijuaje kuwa ni yeye, kwenye handaki lenye majeneza mengi kiasi hicho, wakati jeneza la Fanny lilizikwa bila kibao.